Shira hadi Barranco kupitia Lava Tower: mwongozo kamili wa siku ya tatu ya njia ya Machame, Kilimanjaro

Siku ya tatu ya njia ya Machame ina hesabu ya ajabu. Unatembea kutwa, unapanda karibu mita 800, halafu jioni unalala mahali palipo juu kidogo tu ya pale ulipoamkia. Kambi ya Shira Cave iko kama mita 3,800, Lava Tower, ule mnara wa mwamba wa volkano, kama mita 4,600, kambi ya Barranco kama mita 3,950. (Kibao cha kambini na ramani yako vikipishana kwa makumi ya mita, usibishane na mtu, kila kipimo mlimani kina mwenyewe.) Njia nzima ni kama kilomita 10: 7 za kupanda na 3 za kushuka. Mtu wa mwendo wa kawaida huitumia saa 6 hadi 8, mapumziko yakiwamo.

Mgeni akiiona ratiba hiyo huuliza kwa nini asipite njia ya chini afike Barranco mapema akalale. Njia hiyo ipo kweli, na wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu, huipita kila siku na mizigo yao. Wewe unapelekwa juu kwa sababu moja: mwili wako uonje mita 4,600 mchana, kisha ukalale chini yake. Panda juu, lala chini. Siku mbili baadaye utalala kambi ya Barafu, karibu kimo kilekile cha Lava Tower, na usiku huohuo utaondoka kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ukiiharibu siku hii, deni lake utalilipa usiku ule.

Kiasi cha oksijeni hewani ni kilekile, asilimia 21, uwe Kigamboni au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale Lava Tower kila pumzi inakupa chini kidogo ya asilimia 60 ya oksijeni ambayo ingekupa ufukweni. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kwa kina, moyo hudunda zaidi, na figo hutoa maji mengi ili kuweka damu sawa. Ndiyo maana kukojoa mara kwa mara mlimani ni habari njema. Damu yenyewe kuongeza chembe nyekundu ni kazi ya wiki, usiitarajie safarini. Unachokijenga siku hii ni upumuaji, na upumuaji hujengwa kwa muda, haujengwi kwa kasi.

Usiku wa kuamkia

Maandalizi yaanze Shira, kabla ya kulala. Mwombe mpishi maji yaliyochemshwa akujazie chupa ngumu ya lita moja, uifunge sawasawa, uivike soksi na uiingize kwenye begi la kulalia. Itakupasha miguu usiku, na asubuhi unayo lita ya kwanza isiyoganda. Kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, si 100. Vijidudu bado vinakufa, ila yaachwe yatokote dakika 3. Hiyo pia ndiyo sababu maharage hayaivi mlimani na wapishi wenye akili hawayabebi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo uje na chupa zako: mbili ngumu za lita moja, na mfuko wa maji wenye mrija ukiupenda.

Simu, betri za kamera na tochi ya kichwani ulale navyo. Baridi hunyonya chaji, na simu iliyoachwa kwenye mfuko wa hema huamka na asilimia 10. Nguo za ndani za kesho nazo ziingize humohumo, usije ukavaa barafu.

Kata kucha za miguu. Jambo dogo, lakini alasiri utashuka mita 650 vidole vikigonga mbele ya kiatu, na kucha ndefu hugeuka nyeusi kabla ya jioni.

Kuamka na kula: saa 12 hadi saa 2 asubuhi

Ratiba ya kawaida ni chai hemani saa 12 au 12 na nusu, maji ya kunawa, kufunga begi kubwa, kifungua kinywa saa 1, kuondoka kati ya saa 1 na nusu na saa 2. Begi kubwa lifungwe kabla ya kula. Wagumu wanaoisubiri mizigo ndio watakaokupita njiani ili ukute hema limesimama Barranco. Ukiwachelewesha wewe, umejichelewesha mwenyewe. Kanuni ya hifadhi inamwekea mpagazi mzigo usiozidi kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani. Jiwekee kilo 12 hadi 15 za vitu vyako ili hema na vyombo vipate nafasi.

Kula hata kama huna hamu. Kimo hukata hamu ya chakula, na asubuhi ya tatu ndipo wengi huanza kuusogeza uji kando. Bakuli la uji lenye sukari na siagi ya karanga huteremka vizuri kuliko mkate mkavu na soseji, hasa tumbo likiwa limenuna. Ongeza yai na ndizi. Chai na kahawa kunywa ulivyozoea: mnywaji wa kahawa akiiacha ghafla huumwa kichwa, kisha haijulikani kama ni kahawa au ni kimo.

Kabla ya kuondoka, mwongozaji atauliza maswali yaleyale: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, choo, na huenda akakupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Jibu ukweli. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kurudishwa, na hao ndio wanaobebwa. Kidole kiwe cha moto na kisicho na rangi ya kucha wala piko, maana vyote huivuruga namba. Usomaji ambao mjini ungekuharakisha hospitali, kama 85 hivi, Shira ni jambo la kawaida. Kinachoangaliwa ni namba ya leo ikilinganishwa na ya jana, pamoja na sura ya mtu. Mtu mwenye 82 anayepiga soga na kula yuko salama kuliko mwenye 88 aliyekaa kimya na kuinamisha kichwa.

Nguo na begi la mgongoni

Asubuhi Shira kuna umande wa barafu kwenye majani, na baada ya saa moja jua litakuwa linachoma. Anza na baridi kidogo mwilini. Ukiondoka kambini umejifunika kama unakwenda kileleni, baada ya dakika 20 utakuwa umelowa jasho, na jasho hilo litakugandia Lava Tower. Fulana ya sintetiki au ya sufu nyepesi, juu yake sweta nyembamba ya manyoya, suruali nyepesi inayokauka haraka, kofia, glovu nyepesi: basi. Pamba iache Moshi, na jinzi usiifikirie kabisa. Kama bajeti ni ndogo, soko la Memorial pale Moshi lina mitumba ya nguo za baridi za kila aina; angalia kibandiko cha ndani, tafuta polyester au sufu, pekua zipu kabla ya kulipa.

Begi la mgongoni lisizidi kilo 6 au 7, na maji ndiyo yatakayokula nusu ya uzito huo. Ndani viwemo lita 3 za maji, koti na suruali ya mvua, hata anga iwe safi kama kioo, jaketi nene la kuvaa mkikaa, glovu nzito, soksi kavu, miwani ya jua, mafuta ya jua, tochi, karatasi za chooni na mfuko wa kurudishia uliyotumia, dawa zako, vitafunwa. Kila kitu kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu kifuniko cha begi peke yake hakizuii mvua ya upepo. Wenye hedhi wajue kuwa baridi, kimo na uchovu huweza kuvuruga mzunguko, kwa hiyo pedi ziwemo hata kama tarehe bado.

Mafuta ya jua ni kwa watu wote. Ngozi nyeusi huchelewa tu kuonyesha ilivyoungua. Kwa mwangaza wa mita 4,000 pua, masikio na midomo huchubuka kama ya mtu mwingine yeyote. Paka kabla ya kuondoka na tena mkila mchana, na midomo uipake kila ukinywa maji.

Vitafunwa viwe vile unavyovipenda ukiwa mgonjwa. Tende hazigandi, hazipondeki, na tatu zinakupa sukari ya haraka. Kashata za karanga ni nzuri ila zifunge zisivunjike. Karanga za chumvi zinarudisha chumvi unayopoteza. Chokoleti ngumu kwenye baridi inahitaji meno ya fisi. Beba kama gramu 200 kwa jumla, uziweke mfukoni na si ndani ya begi, la sivyo hutazila.

Saa mbili za kwanza: kuacha uwanda wa Shira

Njia inatoka kambini kuelekea mashariki, kilele cha Kibo mbele yako, Mlima Meru nyuma yako ukielea juu ya mawingu. Mteremko si mkali, na hapo ndipo mtego ulipo. Njia pana, miguu mipya, jua zuri: kundi linajikuta linakimbia. Dawa ni moja, kwamba mwongozaji awe mbele na asipitwe na mtu.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati, mwendo ni sawa. Ukisema maneno matatu ukasimama, punguza. Ukihema mdomo wazi hata bila kuongea, umeshaharibu. Simama dakika 2, kisha anza kwa nusu ya kasi. Pole pole inayoimbwa mlimani kutwa si mapambo ya watalii. Kwa siku hii maana yake ni kilomita moja na nusu kwa saa, mbili zikizidi.

Pale mteremko unapokaza, tumia hatua ya kupumzika. Weka mguu wa mbele, bado usiupe uzito. Nyoosha goti la mguu wa nyuma mpaka lisimame wima, uzito wote ukae juu ya mfupa, na misuli ya paja ilegee kwa nusu sekunde. Kisha hamisha uzito mbele, ukitoa pumzi. Mguu wa pili vivyo hivyo. Kwa macho inaonekana kama mtu anayechechemea kwa makusudi, lakini ile nusu sekunde mara hatua elfu kadhaa ndiyo inayokufikisha paja likiwa hai. Pumzi itoke kwa nguvu, kama unapuliza chai. Kuingia itaingia yenyewe.

Kunywa mafunda manne au matano kila dakika 20, kiu iwepo isiwepo. Lengo ni lita 3 njiani, na kama lita moja nyingine ya chai, uji na supu kambini. Rangi ya mkojo ndiyo hakimu: ukiwa kama maji ya limau ni vizuri, ukiwa kama chai ya rangi umechelewa. Lakini usijaze tumbo lita 6 za maji matupu kwa hofu. Maji mengi bila chumvi hushusha chumvi ya damu na kuleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu vinavyofanana kabisa na ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kushindwa kuzoea hewa ya juu. Anayetumia mrija, akimaliza kunywa apulize maji yarudi kwenye mfuko, yasigande njiani.

Wagumu wakija nyuma, sogea upande wa mlima, usisogee upande wa bondeni, usimame wapite. “Poleni na kazi” inatosha. Mtu mwenye kilo 20 kichwani haoni vizuri pembeni, na akikugusa ukiwa ukingoni utakayeanguka ni wewe.

Kutoka njia panda hadi Lava Tower

Kadiri unavyopanda, majani yanakwisha. Unabaki na mawe, vumbi la volkano, kuvu za rangi ya machungwa na maua makavu ya kudumu yaliyojibanza nyuma ya mawe. Maji hakuna, kwa hiyo ulichobeba ndicho hichohicho. Huko juu njia ya Lemosho inaungana na ya Machame, watu wanaongezeka, kisha mnafika pale ambapo njia ya chini inakwenda Barranco moja kwa moja na ya juu inakwenda Lava Tower.

Njia panda hiyo ni mahali pa kuamua, na uamuzi ufanywe kwa sauti. Anayeumwa kichwa kidogo tu, anakula na kunywa, anaendelea juu. Anayetapika, au ambaye kichwa kimekataa dawa, au anayeyumba, haendi Lava Tower. Anapita njia ya chini akiwa na mwongozaji msaidizi. Asiachwe peke yake hata mara moja. Kundi lenye mwongozaji mmoja tu linakosa nafasi hiyo, na ndiyo sababu ya kuuliza kabla ya kulipa safari: wasaidizi ni wangapi? Kwa watu wanne ombeni wawili, mwongozaji na msaidizi.

Sehemu ya mwisho ni ndefu kuliko inavyoonekana. Mnara wenyewe, shina la lava lililoganda kwenye koo la volkano na kubaki limesimama, una kimo cha kama mita 90, na utauona kwa saa nzima kabla ya kuugusa. Ukungu hupanda kuanzia saa 5 au 6 mchana, joto hushuka ghafla. Vaa koti kabla hujasikia baridi.

Lava Tower: saa moja yenye kazi

Mnafika kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Mko juu kuliko kilele cha Meru, ambacho hakifiki mita 4,600. Dakika mbili za kwanza zina utaratibu wake: begi chini, jaketi nene mwilini juu ya jasho kabla halijapoa, kofia ya sufu, glovu, kisha ndiyo ukae. Wanaokaa kwanza wakisubiri kusikia baridi hutetemeka saa nzima, na kutetemeka hula nguvu uliyoipanda nayo.

Kaeni angalau dakika 45, saa moja ikiwezekana. Kundi linalogusa mnara, kupiga picha na kuteremka limetembea bure. Wapishi wengine huweka hema la chakula hapo na supu ya moto. Wengine hutoa boksi la asubuhi. Supu ya karoti au maboga yenye chumvi na tangawizi huingia hata kwa asiyetaka kula. Boksi lenye kuku mkavu na keki hurudi lilivyo, kwa hiyo mkiweza ombeni chakula cha moto siku hii hata kama siku nyingine mtakula kwenye boksi.

Usilale. Usingizi wa mchana ukiwa juu hupunguza kupumua, na unaamka na kichwa cha nyundo. Tembeatembea taratibu, piga soga.

Kichwa kuuma kidogo hapa ni jambo la watu wengi. Fuata mpangilio huu: kunywa nusu lita ya maji, kula kitu cha chumvi, kaa dakika 15, kisha meza paracetamoli 500 mg mbili kama bado. Kikipoa, endelea na siku yako. Kisipopoa, mshuke bila kumaliza saa.

Dalili ambazo hazingojei ni hizi. Mwambie mtu atembee hatua 10 kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba au kukanyaga nje, chukulia kwamba ubongo wake umeanza kuvimba. Akihema ilhali amekaa, akikohoa kikohozi cha maji maji, midomo ikawa ya rangi ya majivu, mapafu yanaingia maji. Maneno yakimchanganya, au akiwa mkali na mpumbavu ghafla, ni ubongo tena. Dawa ya yote ni kushuka, sasa hivi, kwa miguu au kwa machela. Mtungi wa oksijeni unanunua muda wa kushukia, hauchukui nafasi ya kushuka. Helikopta ipo kwa mwenye bima inayoilipia, ila haitui kwenye ukungu, na Lava Tower mchana ni ukungu.

Yapo mambo mawili ambayo miongozo ya wageni huyaruka. La kwanza ni malaria. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyepanda siku tatu zilizopita anaweza kuwa ameibeba kutoka nyumbani. Kichwa, kutapika na uchovu vitafanana na mwinuko. Homa kali na kutetemeka kwa vipindi si tabia ya kawaida ya mwinuko, kwa hiyo beba kipimo cha haraka na pima. La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kuupanda mlima huu. Aliyerithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja tu, ambaye huishi miaka bila kujua, anaweza kupata maumivu makali ya ubavu wa kushoto chini ya mbavu, bandama ikikosa damu. Maumivu hayo yakitokea kimoni ashushwe haraka. Jipime damu kabla ya safari. Ni kipimo cha kawaida hospitalini.

Kuhusu dawa ya kinga ya ugonjwa wa mwinuko, acetazolamide, kipimo kinachotumika sana ni 125 mg asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza, vidole vitachonyota, soda itakuwa na ladha ya chuma. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa azungumze na daktari kwanza. Anayeanza kuimeza Lava Tower baada ya kuumwa amechelewa kwa kinga. Na vidonge vya usingizi viache kabisa.

Kushuka Barranco: saa 2 za magoti

Ajali nyingi za siku hii hutokea hapa, si kwenye kupanda. Watu wamechoka, wamefurahi kwamba mlima umeisha, kichwa kimepoa kwa kila mita 100 wanazoteremka, na wanaachia miguu.

Kabla ya hatua ya kwanza, fungua kamba za viatu. Gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa ya kiatu, kaza kamba kwenye kifundo, sehemu ya vidole iache na nafasi. Ongeza urefu wa fimbo kwa sentimita 5 hadi 10. Mikono itoke kwenye vitanzi vya fimbo, maana ukiteleza na kitanzi kimekushika, kinachovunjika ni kiwiko au kidole gumba.

Mteremko wa kwanza baada ya mnara ni mkali, una mawe yaliyolegea, na kuna kijito cha kuvuka ambacho kingo zake huwa na utando wa barafu. Weka fimbo mbili chini kwanza, kisha mguu, na unyayo mzima ulale juu ya jiwe, siyo kisigino peke yake. Goti lipinde kidogo wakati wote. Goti lililonyooka ndilo linalopokea kishindo. Jiwe jeusi lenye kung’aa limelowa, la kijivu lisilong’aa ni kavu. Changarawe iliyo juu ya mwamba laini ni mbaya kuliko tope, kwa hiyo pita pembeni yake penye mawe makubwa. Acheni mita 3 kati ya mtu na mtu. Ukiangusha jiwe, piga kelele “jiwe!” hata kama unadhani hakuna mtu chini.

Baada ya saa moja hivi bonde linafunguka, na unaingia kwenye msitu wa senesio, ile miti minene inayovaa majani yake makavu kama blanketi kiunoni ili shina lisigande usiku. Katikati yake iko lobelia, ambayo hufunga majani jua likizama. Ni sehemu nzuri kuliko zote za siku, na ni kisingizio halali cha kusimama magoti yapumzike. Usivunje, usichume majani makavu, usiegemee shina. Mti wa urefu wa nyumba hapo una umri wa kumzidi babu yako.

Kambini, saa 9 au 10 alasiri

Jiandikishe kwenye kitabu cha hifadhi kwanza, kabla hujavua viatu. Halafu nguo kavu mara moja, zile za ndani pia, na soksi mpya. Kagua miguu: sehemu iliyokuwa nyekundu na moto ibandike plasta usiku huu, kwa sababu kesho itakuwa lengelenge. Mvua ikiwa imelowesha kiatu, toa soli ya ndani ulale nayo. Kiatu chenyewe kikae ndani ya hema, kisiachwe nje.

Kunywa chai ya tangawizi, kula bisi, kisha tembea kidogo ukipanda mita 30 au 40 juu ya kambi na kurudi. Kichwa kilichokuwa kinauma Lava Tower kinatakiwa kiwe kimekwisha kabla ya chakula cha jioni. Kama kinazidi ilhali umeshuka mita 650, mwambie mwongozaji kabla ya kulala, siyo asubuhi. Kutoka Barranco njia ya Umbwe inateremka moja kwa moja hadi msituni. Ni kali na yenye mizizi, na saa 11 jioni kuna mwanga ambao saa 8 usiku hautakuwepo.

Jua likiondoka bondeni, baridi inashuka kama mlango uliofunguliwa, na usiku huganda mara nyingi. Jaza tena chupa ya maji moto. Kunguru wa shingo nyeupe na panya wa mistari watakuja kutafuta makombo. Chakula kisibaki hemani wala kwenye mfuko wa begi, watautoboa.

Fimbo zikunje na uzifunge ndani ya begi kubwa usiku huohuo. Njia ya kesho inaanza na ukuta wa Barranco, karibu mita 250 za kupanda kwa miguu na mikono, na mwenye fimbo mkononi pale huwakwamisha wote walio nyuma yake.